Moja Kumi na Moja

Chukua kalamu uandike moja, kisha uandike moja nyingine ubavuni mwake, uendelee hivyo mpaka zitimie kumi na moja. Utapata namba ya bilioni kumi na moja na ushei, iliyonyooka mwanzo hadi mwisho, na ukiitazama utakuwa tayari kuapa kwamba haigawanyiki kwa kitu chochote. Mimi niliitazama mwaka mzima, katikati ya miaka ya hamsini, nilipokuwa mwalimu wa miaka kumi na tisa niliyepanga chumba Kariakoo. Mpaka leo nikiona moja tatu zimefuatana kwenye kibao cha duka, navuka mtaa. Mwezi uliopita Rehema alinipigia simu kutoka Magomeni, akasema, "Mama mdogo, mama ametutoka." Mama yake ni Mwanahawa, jirani yangu wa miaka ile. Nyumba tuliyokaa ilibomolewa zamani, pamesimama ghorofa la maduka ya vitenge, na waliolala ndani yake wote wamekwisha isipokuwa mimi. Basi nitasema mimi, na nitayasema pamoja na yale yanayonichoma.

Ilikuwa nyumba ya vyumba sita Mtaa wa Sikukuu, vitatu upande huu wa ukumbi na vitatu upande ule, na nyuma kuna ua wenye bomba, jiko na choo. Mwenye nyumba alikuwa Bi Salima, mjane mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliyenipokea mimi Mkristo wa kutoka Kilimanjaro kwa sharti moja tu, kwamba nisipike nyama ya nguruwe kwenye sufuria zake. Chumba changu kilipakana na cha Shomari na mkewe. Kuta za nyumba zile hazikufika kwenye paa. Ziliishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, kisha ni boriti na bati tupu. Ukikohoa, jirani anakuombea afya. Shomari alikuwa karani wa kuhesabu magunia bandarini, bondia wa zamani mwenye mikono mipana, na hapakuwa na mtu pale mtaani aliyependwa barazani kuliko yeye. Alizidisha namba za tarakimu nne kichwani huku anakunywa kahawa, na wanaume walimpigia makofi. Nami nilimhusudu, sitaficha. Mke wake, Mwanahawa, alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwembamba, mcheshi akiwa peke yake, bubu mumewe akiwapo.

Wiki yangu ya kwanza nilisikia jinsi anavyompiga. Mwanahawa alikuwa amepika wali wa nazi na samaki changu wa soko la Feri, harufu imejaa nyumba nzima, nami mate yananitoka upande wangu wa ukuta. Nikasikia sahani ikivunjika. Kisha Shomari akasema, taratibu kabisa, "Chumvi nimekwambia mara ngapi? Haya, hesabu." Mkanda ukalia, na Mwanahawa akasema, "Moja." Ukalia tena, akasema, "Mbili." Alipofika saba akapotea kwa kilio, akarudia sita, na Shomari akasema, "Umekosea, tunaanza upya." Nilikaa kitandani nimeshika magoti yangu. Kilichonitia baridi si ukatili wake tu. Ni kwamba niliutambua mtindo ule. Shuleni kwangu, kila tarakimu iliyokosewa katika mgawanyo mrefu ilikuwa fimbo moja, na binti alihesabu fimbo zake mwenyewe kwa sauti mbele ya wenzake. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyofundisha. Kesho yake nilichapa kama kawaida.

Mwanahawa alikwisha kwenda kwa wazee wa pande zote mbili, mara mbili, akaonyesha mgongo. Mara zote mbili walimpa maji ya kunywa, wakamwambia avumilie, wakamsindikiza mpaka mlangoni kwa mumewe. Talaka ilikuwa mikononi mwa Shomari, na Shomari alisema atamwacha akiwa ndani ya sanda.

Sasa nije kwenye ile alasiri. Nilitoka shule nikawakuta barazani Shomari, wenzake wawili wa bandarini, na Fundi Athumani aliyeshona kwa cherehani yake pale mlangoni kwetu siku zote. Shomari alikuwa ameandika namba za moja sakafuni kwa chaki. Moja tatu, alisema, zinagawanyika kwa 37. Moja tano zinagawanyika kwa 41 na 271. Moja saba zilimchukua mfungo mzima wa Ramadhani, lakini alizivunja: 239 mara 4649. "Ila hizi," akasema, akapiga chaki kwenye moja kumi na moja, "hizi hazivunjiki. Hakuna mwanadamu wa kuzigawa." Fundi Athumani, aliyekuwa mtani wa kila mtu, akanionyesha kwa mkasi wake. "Mwalimu wetu huyu hapa atazigawa." Wote wakacheka. Nikasema, kwa kiburi cha ujana na si kwa sababu nyingine, "Nitazigawa."

Shomari hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa, akainuka akiwa bado na chaki mkononi, akasema kwa sauti ya kusikiwa mpaka ng'ambo ya mtaa, "Mtoto wa kike? Haya, nyote mashahidi. Siku binti huyu atakaponiletea namba inayoigawa hii pasipo baki, isiwe moja wala isiwe yenyewe, Mwanahawa nimemwacha, talaka tatu." Mwanahawa alikuwa mlangoni ameshika sinia ya kahawa. Vikombe vikagongana. Fundi aliondoa mguu kwenye cherehani.

Mimi nilidhani ni maneno ya barazani. Bi Salima ndiye aliyenivuta uani, akanikalisha kwenye kigoda, akaendelea kuchambua mchele bila kunitazama. "Mwanangu," akasema, "talaka haina mzaha kwetu. Mtu akiitamka kwa kucheka imepita, na akiifunga kwa sharti, sharti likitimia imepita, apende asipende. Hawezi kuirudisha mdomoni. Umenielewa?" Nikasema nimemwelewa, Bi. "Hukunielewa. Yule kajifunga mwenyewe kwa kamba yake mwenyewe, na ncha ya kamba kakupa wewe. Namba hiyo inagawanyika au haigawanyiki?" Nikamwambia sijui. Akanirushia punje chache za mchele kifuani kwa hasira. "Basi nenda kajue."

Nilinunua daftari. Nilianza kijinga, kwa kugawanya na kila namba isiyogawanyika, hizi wanazoziita siku hizi namba tasa: tatu, saba, kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba, nikapanda hivyohivyo. Kila jioni, nikisahihisha madaftari ya shule, niligawanya. Mwanahawa alikuja kukaa mlangoni kwangu na mbuzi yake ya kukunia nazi, eti kuna upepo. Mikono ikikuna, macho yalikuwa kwenye kalamu yangu. Siku moja akauliza, "Dada mwalimu, hapo kwa nini umeteremsha ile moja?" Nikamweleza. Kesho akauliza tena. Sikumfundisha kwa wema wowote mkubwa. Nilichoka tu kuulizwa. Baada ya miezi mitatu alijua kugawanya kwa tarakimu tatu, akiandika kwa kidole kwenye machicha ya nazi. Alikuwa na akili kuliko wanafunzi wangu wote, na ndiye mwanafunzi pekee ambaye sikuwahi kumchapa, kwa kuwa aliletwa kwangu akiwa tayari amechapwa.

Nilikuwa nimepita elfu nne Shomari alipoligundua daftari. Aliingia alasiri, mlango wangu ukiwa wazi, akalikuta mezani, akasimama analifunua ukurasa kwa ukurasa. Nilirudi kutoka uani nikamkuta anakagua hesabu zangu, midomo ikicheza, na kwa kitambo kidogo alikuwa mtu wa hesabu tu kama mimi. Kisha akasema, "Unataka kuniachisha mke." Alinipiga kofi la nyuma ya mkono, nikaangukia ukingo wa kitanda, jino likakatika na damu ikanijaa mdomoni. Akanishika ukosi. "Hesabu, mwalimu. Si unapenda hesabu?" Nikahesabu. Mungu anisamehe, nilihesabu kwa sauti ya kitii kabisa, moja mpaka sita, kama binti zangu wa darasa la tatu. Alipotoka alilichana daftari vipande, akavitupa kwenye jiko la mkaa la Bi Salima. Sikwenda polisi. Nilimwambia mwalimu mkuu nimeteleza bombani.

Kazi ya miezi mitano ilikuwa majivu, na sikuwa na nguvu za kuirudia. Kwa kuwa sikuwa na nguvu, nilianza kufikiri, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo kama nisingekuwa na kiburi. Niliviandika vigawo vya Shomari kwenye kipande cha karatasi ya sukari. Moja tano: 41 na 271. Nikatoa moja kila upande, nikapata 40 na 270, zote zinagawanyika kwa tano. Moja saba: 239 na 4649. Nikatoa moja, nikapata 238 na 4648, zote zinagawanyika kwa saba. Nilikaa nimeikodolea macho karatasi ile mpaka chai ikapoa. Basi za kwangu, zikiwa kumi na moja, kigawo chake ukitoa moja lazima kigawanyike kwa kumi na moja, na kwa kuwa hakiwezi kuwa namba shufwa, kigawanyike kwa ishirini na mbili. Ishirini na tatu, sitini na saba, themanini na tisa, ninaruka hatua ya ishirini na mbili kila mara, na nyingi naziacha kwa kuwa zinaishia na tano au zinagawanyika kwa tatu. Sikuwa na uthibitisho wa mwanachuoni. Nilikuwa na mifano miwili na njaa ya kuamini. Nikajua pia mwisho wa safari, kwamba nikifika laki moja na elfu tano na ushei bila kupata kitu, namba haigawanyiki na Mwanahawa hana njia. Nilicheka peke yangu, pengo likiuma. Daftari jipya Bi Salima alilificha kwenye pipa lake la mchele, na kila jioni alilitoa mwenyewe akilipangusa vumbi.

Niligawanya namba saba, nane kwa siku. Niliharakisha. Shuleni nilidai kila binti ahakiki jibu lake, azidishe tena na kujumlisha baki aone kama anarudi alikotoka. Mwenyewe sikuhakiki hata moja. Nilijiambia muda hautoshi. Jioni moja nilifika kwenye 21649. Nilikuwa nimeteremsha tarakimu kadhaa, nimefika pa kutoa 64947 katika 70121, mara upande wa pili wa ukuta nikasikia, "Haya, hesabu." Mwanahawa akaanza. Sauti yake ilikuwa imeshuka miezi ile, ilitoka kama ya mtu anayesoma orodha. Sikuacha kuandika. Nilifikiri nikiacha ndiyo nimemwacha. Niliandika, nikateremsha, nikamaliza, nikapata baki 13404, nikapiga mstari, nikaenda namba inayofuata.

Miezi miwili baadaye, nikiwa kwenye elfu arobaini, alimchoma kwa pasi ya mkaa. Kisa kilikuwa kola ya shati. Nilisikia, "Tazama hapa, kuna mkunjo," kisha miguu ya meza ikiburutwa, kisha ukelele ambao sitaueleza, maana sijapata maneno yake mpaka leo. Bi Salima alikuja mbio kutoka uani na mchi wa kutwangia, akaupiga mlango mara mbili, komeo likang'oka, na pigo la tatu lilimpata Shomari begani, mpaka nikasikia mfupa ukivunjika. Mwanahawa alikuwa sakafuni katikati ya makaa yaliyomwagika, viganja vyote viwili vimefunika upande mmoja wa uso. Nilimwagia ndoo nzima ya maji. Jicho la kushoto halikupona.

Polisi alikuja, akaandika. Shomari, mkono umetundikwa kwa kitambaa shingoni, alisema pasi imemwangukia mkewe. Mwanahawa, hospitali, aliulizwa akasema pasi imemwangukia. Wazee wakakaa tena, wakaamua akipona arudi kwake. Nilikwenda kumwona, nikakaa kando ya kitanda. Akasema, "Dada mwalimu, umefika ngapi?" Nikamwambia elfu arobaini. Akahesabu kwa kidole juu ya shuka. "Basi bado nyingi," akasema. Nililia njia nzima kutoka kule mpaka Mnazi Mmoja, watu wananitazama, na sikujali.

Wiki ile ile, darasani, binti mmoja mdogo aliniletea mgawanyo wake. Jibu lilikuwa baya. Niliinua fimbo nikitafuta tarakimu iliyokosewa, nikaiona, alikopa katika kutoa akasahau kwamba amekopa. Nikamwuliza, kwa ile sauti yangu ya kuogofya, "Ulihakiki?" Akatikisa kichwa, kiganja amekwisha kukinyoosha. Mkono wangu ulibaki juu. Mabinti arobaini walikuwa wananitazama. Niliweka fimbo chini, nikawaacha na kitabu cha kusoma, nikatoka kabla ya kengele kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yangu ya ualimu.

Nilihakiki daftari langu kutoka mwanzo. Wiki ya nne nilifika 21649, nikazidisha, nikajumlisha baki 13404, na moja hazikutoka. Zilitoka tarakimu nyingine kabisa. Nikarudia mgawanyo pembeni, ukurasa mpya, pole pole, Bi Salima amesimama mgongoni kwangu. 70121 kutoa 64947 ni 5174. Nilikuwa nimeandika 5274. Nikaendelea: baki 8443, kisha 19484, nikateremsha moja ya mwisho nikapata 194841. Na 21649 mara tisa ni 194841. Hapakubaki kitu. Jibu lilikuwa 513239. Bi Salima hakujua kusoma, lakini aliiona ile sifuri, akapiga kigelegele ambacho kiliwatoa watu wa nyumba ya tatu.

Mimi sikushangilia. Nilikuwa nimekwisha hesabu siku. Ningeandika moja badala ya mbili jioni ile, Mwanahawa angetoka nyumba ile miezi miwili kabla ya pasi, na macho yake yote mawili.

Tulikwenda kwa shehe: Bi Salima, Fundi Athumani na wale wawili wa bandarini, nami na daftari langu, limefunguliwa ukurasa ule mpya tu. Shehe alimwita Shomari, akawauliza mashahidi maneno neno kwa neno, kisha akampa Shomari chaki na ubao wa watoto wa chuo cha Kurani. Shomari alizidisha kwa mkono wake mzima. Moja zikatoka zote kumi na moja. Akafuta, akazidisha tena. Mara ya tatu jasho lilimdondoka kwenye ubao, na moja zikatoka vilevile, kwa maana mtu huyu hakuwahi kukosea hesabu. Shehe akasema, "Talaka imepita. Sasa hivi, hapa." Shomari aliutupa ubao ukanipita sikioni ukavunjika ukutani, akanirukia, na ilibidi wanaume watatu wamlalie. Nilimsikia chini yao akitukana, kisha akilia. Sikumwonea huruma, na simwonei leo.

Mwanahawa alikaa eda yake kwa shangazi yake Magomeni, akaolewa baadaye na mtu mpole wa Lindi, akamzaa Rehema. Aliomba daftari alihifadhi, akasema ndiyo cheti chake. Ningekataa vipi? Nilijua ule ukurasa wa zamani umo, nikajipa moyo kwamba hatafika nyuma huko. Sikumwambia siku ile wala siku nyingine. Kila Idi, miaka zaidi ya hamsini, aliniletea pilau kwenye bakuli lenye kifuniko cha maua, ananitazama kwa jicho moja na kucheka, nami nilikula bila kumtazama usoni. Fimbo sikuishika tena. Walimu wenzangu walidhani nimeokoka.

Siku ya arobaini Rehema aliniita chumbani, akafungua sanduku la mama yake. Chini ya kanga, ndani ya mfuko wa nailoni, lilikuwamo daftari. Mikono yangu ilikwenda yenyewe kwenye ukurasa ule. Ile 5274 ilikuwa pale, kwa wino wangu wa haraka. Lakini mbili ilikuwa imekatwa kwa penseli, mstari mmoja mwembamba, na juu yake imeandikwa moja. Chini yake hesabu imeendelezwa upya, kwa zile tarakimu kubwa nilizomfundisha juu ya machicha ya nazi, mpaka sifuri. Penseli ilikuwa imefifia kabisa, ya miaka mingi mno.

Rehema aliinama akatazama. "Hii ni nini, mama mdogo?"

"Hesabu yangu," nikamwambia. "Nilikosea."

"Wewe?" akasema. "Mama alikuwa akituambia wewe hujawahi kukosea hesabu hata siku moja."